Joseph Fourier, msomi wa joto aliyesikia baridi hata ndani ya chumba chenye moto

Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka wa 1830, mjini Paris, mzee wa miaka 62 alianguka kwenye ngazi. Moyo wake ulikuwa tayari umechoka. Siku kumi na mbili baadaye akafa. Waliomtembelea katika miaka yake ya mwisho walijua jambo moja: chumba chake kilikuwa na joto lisilovumilika. Hata wakati wa kiangazi, wengine walipokuwa wanavua makoti, yeye alivaa sawa na mtu anayejitayarisha kwa safari ya kwenda kwenye barafu. Na bado alisikia baridi.

Mzee huyo alikuwa Joseph Fourier. Wanafunzi wa fiziki na wa uhandisi katika vyuo vikuu vya Kongo wanalijua jina lake kutoka kwenye hesabu ngumu za mwaka wa kwanza ao wa pili. Lakini ni wachache wanaojua kwamba hesabu hizo zilitoka kwa yatima wa fundi cherehani, aliyeponea chupuchupu kukatwa kichwa, na ambaye kazi yake kubwa ilikaa miaka karibu 15 bila kuchapishwa. Ni hesabu hizo pia zinazosaidia kujibu swali ambalo Wakongo wengi walioko Bruxelles, Paris ao Montréal wamejiuliza wakati wa baridi kali: nyumba imefungwa vizuri, kuta ni nene, kipimajoto kinaonyesha digri 20, basi kwa nini mtu akikaa karibu na dirisha anatetemeka?

Fourier alizaliwa tarehe 21 mwezi wa tatu mwaka wa 1768 huko Auxerre, mji mdogo ulio kusini-mashariki mwa Paris. Baba yake alikuwa mshonaji wa nguo, na watoto nyumbani walikuwa wengi. Mama alikufa kijana akiwa na miaka 9. Baba akafuata muda mfupi baadaye. Mtoto huyo asiye na mtu akapata nafasi katika shule ya kijeshi ya mji, iliyoongozwa na watawa Wabenedikto. Huko ndiko alikokutana na matematiki. Inasimuliwa kwamba alikuwa anaokota vipande vya mishumaa iliyobaki jikoni na kwenye baraza, kisha usiku, wenzake wakiwa wamelala, anajificha na kufanya hesabu.

Alitamani kuwa ofisa wa mizinga, lakini katika Ufaransa ya wafalme mtoto wa mshonaji hakuweza kufika huko. Akaingia kwenye nyumba ya watawa ya Saint-Benoît-sur-Loire mwaka wa 1787, akatoka mwaka wa 1789 bila kuweka nadhiri. Mwaka huo ndio Mapinduzi yalilipuka.

Fourier aliyapenda Mapinduzi, na Mapinduzi yalikuwa karibu kumla. Akiwa mwalimu Auxerre, aliingia katika komite ya mapinduzi ya mji mwaka wa 1793. Alipoona damu inamwagika alitaka kujiondoa, lakini hakuna aliyeruhusiwa kujiondoa. Huko Orléans alitetea watu waliokuwa wanawindwa na hilo likamwekea alama. Mwezi wa saba 1794 alikuwa gerezani, akingojea kile ambacho wengi wa gerezani walikuwa wanangojea. Kilichomwokoa ni kuanguka kwa Robespierre mwezi huohuo. Tofauti ya siku chache tu, na leo hakuna mtu angejua jina lake.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 1795 alitumwa Paris katika shule mpya ya kufundisha walimu, akakaa mbele ya Lagrange, Laplace na Monge, wakubwa watatu wa matematiki ya wakati ule. Mwaka wa 1797 alichukua kiti cha Lagrange kwenye École polytechnique. Mwaka wa 1798, Bonaparte alipovuka bahari kwenda Misri na jeshi, alibeba pia wasomi, na Fourier alikuwa kati yao. Mjini Cairo alifanywa katibu wa taasisi ya wasomi iliyoanzishwa huko. Alikaa katika joto la Misri hadi mwaka wa 1801.

Ni kutoka hapo, wanasema waliomjua, ndipo baridi ilipomwingia. Wengine walifikiri alirudi na ugonjwa. Wengine, kwamba mwili wake ulizoea jua la Nile na haukukubali tena hali ya hewa ya Ulaya. Hakika ni kwamba hakurudi mahali penye jua. Bonaparte alimtuma Grenoble, mji ulio chini ya milima ya Alpes, awe prefe wa Isère. Hapa msomaji wa Kongo asimfikirie mkubwa wa shule: prefe huko ni mkubwa wa serikali katika jimbo, mtu anayekaribiana na gavana. Fourier alifanya kazi hiyo vizuri. Alisimamia kukausha mabwawa ya Bourgoin, yaliyokuwa yanaleta homa kwa wakaaji, na alisukuma ujenzi wa barabara ya kwenda Turin. Alimtia moyo pia kijana mmoja wa Grenoble aliyependa lugha za zamani, Jean-François Champollion. Kijana huyo ndiye baadaye alisoma maandishi ya Wamisri wa kale.

Mchana alikuwa mtu wa serikali. Saa zilizobaki alizipa joto.

Swali lake lilionekana jepesi: ukipasha chuma moto upande mmoja, joto linasafiri namna gani kufika upande mwingine? Alichukua pete ya chuma, akatoboa matundu, akatia vipimajoto ndani, akaipasha moto na kuandika kila kipimo. Kisha akatafuta hesabu inayolingana na alichokiona. Jibu linaweza kusemwa kwa maneno ya kawaida: joto linatoka penye joto zaidi kwenda penye joto kidogo; linakwenda kwa nguvu zaidi tofauti ikiwa kubwa, na kwa nguvu ndogo zaidi njia ikiwa ndefu. Ukuta mnene wa sufu ao wa mbao unalichelewesha. Kioo chembamba hakilicheleweshi karibu hata kidogo.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1807 alipeleka kazi yake Paris. Waliopewa kuihukumu walikuwa haohao walimu wake wa zamani, Lagrange, Laplace na Monge, pamoja na Lacroix. Hawakuikubali. Ili kumaliza hesabu zake, Fourier alikuwa amechukua mstari wa namna yoyote na kuuvunja kuwa mawimbi mengi madogo, kisha kuyajumlisha tena. Lagrange hakuamini kwamba jambo hilo linaruhusiwa. Miaka michache baadaye Akademia ilitangaza shindano juu ya joto ndani ya vitu vigumu. Fourier akaandika tena, akashinda, na zawadi ikatangazwa mwanzoni mwa 1812. Hata hapo walimpa kwa mkono mmoja: wahukumu waliandika kwamba njia yake bado ina upungufu. Kazi haikuchapishwa. Kwa mtu aliyeongoza jimbo zima kila siku, kungojea namna hiyo kulikuwa kuzito. Leo mawimbi yake, yaliyokataliwa, yanafanya kazi ndani ya kila simu.

Kitabu kilitoka mwaka wa 1822, na ndani yake kuna sehemu inayohusu nyumba. Baada ya kueleza chuma, Fourier aliuliza kitu ambacho mtu mwenye baridi anakiuliza: chumba kilichofungwa, chenye moto unaowaka ndani bila kubadilika, kinafika kwenye joto gani? Alionyesha kwamba mwishowe, ukubwa wa hewa iliyomo ndani hauamui kitu. Kinachoamua ni moto wenyewe, upana wa kuta, unene wake, kitu zilichojengwa nacho, na urahisi wa joto kuingia upande wa ndani na kutoka upande wa nje. Tena alionyesha kwamba chumba kikizungukwa na kuta mbili ao tatu zilizotengwa na hewa, joto la ndani linapanda. Anayenunua leo dirisha la vioo viwili ao vitatu vyenye nafasi katikati ananunua hesabu ile.

Turudi basi kwa mtu anayetetemeka karibu na dirisha. Wengi wanafikiri baridi inapenya kutoka nje, na wanaziba pembe zote kwa vitambaa. Mara nyingine ni kweli kuna tundu. Lakini katika nyumba iliyojengwa vizuri, dirisha linaweza kuwa limefungwa kabisa, na bado baridi ipo. Sababu ni mbili, na zote zinaanza kwenye kioo chenyewe.

Tuchukue usiku wa digri 5 chini ya sifuri, na chumba chenye digri 20. Upande wa ndani wa ukuta uliojazwa vizuri vitu vya kuzuia joto unabaki na digri 19 hivi. Dirisha la kioo kimoja, upande wa ndani, linashuka hadi karibu digri 1 ao 2. La vioo viwili vya namna ya zamani linabaki karibu na 11. La vioo vitatu vya kisasa linakaribia 17. Kipimajoto kilichotundikwa katikati ya chumba hakioni tofauti hiyo, kwani kinapima hewa. Ngozi ya mtu inaiona.

Inaiona namna gani bila kugusa kioo? Hapa pia Fourier yupo, na hakuwa peke yake. Kabla yake, huko Genève, Marc-Auguste Pictet aliweka barafu mbele ya kioo cha chuma kilichopinda, na kipimajoto mbele ya kingine kilichokielekea kutoka mbali. Kipimajoto kilishuka. Ilionekana kama barafu inatuma baridi. Pierre Prévost, wa mji huohuo, alijibu mwaka wa 1791 kwamba baridi haisafiri kabisa: kila kitu, cha moto ao cha baridi, kinatoa joto wakati wote, na kipimajoto kilipoa kwa sababu kilitoa mengi na kupokea machache kutoka kwa barafu. Fourier alilichukua wazo hilo na kulitilia hesabu. Alihakikisha kwamba ndani ya chumba ambacho kuta zote zina joto moja, mahali mtu anapokaa hapabadilishi kitu: katikati ao kando ya ukuta, anapokea kile kile.

Dirisha la baridi linavunja usawa huo. Ngozi ina digri 33 hivi na inatoa joto lake kila upande. Upande wa kuta za digri 19 inarudishiwa sehemu kubwa. Upande wa kioo inarudishiwa kidogo. Kadiri mtu anavyosogea, kioo kinachukua sehemu kubwa zaidi ya kile mwili wake unachokielekea, na hasara inaongezeka. Shavu moja linapoa, lingine halipoi. Fourier alionyesha pia kwamba joto linalotoka kwa mshazari ni dhaifu kuliko linalotoka moja kwa moja, ndiyo maana mtu aliyekaa mbele ya kioo anaumia kuliko aliyekaa pembeni yake. Kipimo kamili cha nguvu ya joto hilo kilingoja hadi mwaka wa 1879, na Josef Stefan wa Vienne.

Kuna jambo moja linalodanganya. Kwa kuwa kioo kinapitisha mwanga, ni rahisi kufikiri kwamba joto la mwili linakipita na kwenda kupotea kwenye theluji. Sivyo. Katika andiko lake la mwaka wa 1824 juu ya joto la dunia, Fourier alikumbusha sanduku la Horace-Bénédict de Saussure, lililofunikwa kwa vioo kadhaa na kuwekwa juani: joto la jua, linalokuja pamoja na mwanga, linaingia, joto lile la giza, linalotolewa na vitu vya ndani, linashindwa kutoka kwa urahisi. Joto la mwili wa mtu ni la namna hiyo ya pili. Linasimama kwenye kioo, linamezwa na kioo, na ni kioo kinacholipitisha nje. Kwa hiyo kinachohesabika ni ubaridi wa uso wa kioo, si kile kinachoonekana nyuma yake. Ndiyo maana pazia zito linasaidia: mwili unaelekea kitambaa chenye joto karibu na la chumba.

Sababu ya pili ni hewa, na hapa hesabu ya Fourier juu ya chumba ilikuwa na upungufu. Kusudi afike mwisho wa hesabu, alichukua hewa ya ndani kuwa imechanganyika vizuri, yenye joto moja kila mahali. Chumba cha kweli hakifanyi hivyo. Hewa inayogusa kioo inapoa, inakuwa nzito, inashuka kando ya dirisha mpaka chini, kisha inatambaa sakafuni. Miguu inaikuta kwanza. Mtu anaapa kwamba kuna tundu kwenye fremu, kumbe ni hewa ileile ya chumba inayozunguka. Wajenzi wa Ulaya walizoea kuweka vyuma vya kupasha joto chini ya dirisha kwa sababu hiyo: joto linalopanda linakutana na hewa inayoshuka.

Na katika nyumba iliyozibwa vizuri, jambo hilo linaonekana zaidi. Zamani nyumba nzima ilikuwa na baridi, kuta na sakafu pamoja, na hakuna aliyelilaumu dirisha peke yake. Kuta zikishapashwa, dirisha linabaki kuwa mahali dhaifu peke yake, na mwili unalitambua haraka. Jamaa huyo haitaji sikuzote kuongeza moto. Pengine anahitaji kusogeza kiti mita moja.

Fourier mwenyewe hakupata maisha ya utulivu. Mwaka wa 1815 Napoleon alitoroka kisiwa cha Elba na kupita Grenoble; prefe, aliyekuwa sasa anamtumikia mfalme, akaondoka mjini. Siku chache baadaye Napoleon alimpa uprefe wa Lyon, na muda mfupi baadaye akaupoteza. Napoleon alipoanguka, Fourier alijikuta Paris bila kazi. Mwanafunzi wake wa zamani, Chabrol, aliyekuwa prefe wa Seine, alimpatia ofisi ya takwimu. Akademia ya sayansi ilimchagua mwaka wa 1816, mfalme Louis XVIII akakataa. Ikamchagua tena mwaka wa 1817, na safari hiyo mfalme akanyamaza. Mwaka wa 1822 alikuwa katibu wake wa kudumu, na cheo hicho alikitumia kumfungulia Sophie Germain, mwanamke mwanamatematiki, mlango wa vikao ambavyo wanawake hawakuruhusiwa. Hakuoa.

Paris ya siku zile ilikuwa mji wa moto wa kuni na madirisha makubwa, mengi yao ya kioo kimoja. Hakuna hati inayoonyesha mahali kiti cha Fourier kilikuwa chumbani. Lakini mtu anayepasha hewa bila kupasha kuta na vioo anaweza kuchoma kuni nyingi na bado mwili wake ukaendelea kutoa zaidi ya unachopokea, na hakuna mtu Ulaya aliyeweza kuiandika hasara hiyo vizuri kumpita yeye. Katika miaka ya mwisho pumzi pia ilimsumbua. Alikuwa anatengeneza kitabu kingine, juu ya namna ya kutatua hesabu zenye namba zisizojulikana, na hakukimaliza. Kilichapishwa mwaka wa 1831 na mhandisi Navier.

Jina lake liliandikwa baadaye kwenye mnara wa Eiffel, pamoja na ya wasomi wengine 71, na chuo kikuu cha Grenoble kililibeba kwa miaka mingi. Alizikwa katika makaburi ya Père-Lachaise, Paris, chini ya kaburi lililopambwa kwa namna ya Misri, nchi ya mwisho ambako hakusikia baridi. Miaka miwili baadaye, Champollion, kijana wake wa Grenoble, alizikwa katika makaburi hayohayo.